Mwenye boriti anaweza kumwonya mwenzake?

Mwanajumuiya_Umoja

Tumsifu Yesu Kristu. Na Bwana asifiwe kwa ndugu wa makanisa mengine, maana humu tuko mchanganyiko.

Jumuiya ina nyumba kama ishirini. Mweka hazina anapokea michango ya wagonjwa na matanga kwa simu yake mwenyewe, na hesabu inasomwa anapotaka yeye. Hakuna ushahidi kwamba ameiba. Kuna mnong'ono tu, na mnong'ono umeanza kupunguza michango. Anayetakiwa kusema naye ni mwenyekiti. Shida ni kwamba mwenyekiti ni mtu wa hasira, ameshafokea watu mbele ya wageni, na kila akimgusa mtu anajibiwa, "Toa boriti yako kwanza." Sasa ameamua kunyamaza. Anasema, mimi ni nani hata nimwonye mwenzangu?

Nauliza hivi: mtu awe msafi kiasi gani ndipo amwonye mwingine? Akishaamua kwenda, aende vipi hasa, wapi, lini, na aseme nini? Na mweka hazina ni mama aliyemzidi mwenyekiti umri kwa karibu miaka ishirini. Hilo linabadilisha nini? Naomba majibu yenye hatua, mahubiri tunayapata Jumapili.

Katekista_Eastlands

Milele na milele, amina.

Mstari wenyewe watu huusoma nusu. Mathayo 7:5 inasema, "itoe kwanza ile boriti katika jicho lako mwenyewe, ndipo utakapoona vema kukitoa kile kibanzi katika jicho la ndugu yako." Kibanzi bado kinatolewa, Yesu alipanga tu kipi kitangulie. Na mstari wa 6, papo hapo, unakataza kuwapa mbwa kitu kitakatifu na kuwatupia nguruwe lulu. Nani atalitii hilo kama amekatazwa kupambanua? Kinachokatazwa mwanzoni mwa sura ile ni kukalia kiti cha Mungu, kuhukumu moyo wa mtu na mwisho wake. Kusema "hesabu ya mwezi wa tatu haijasomwa" si kukikalia. Kusema "wewe ni mwizi, hata sala zako ni za kuigiza" ni kukikalia.

Usafi kiasi gani? Augustino, askofu wa Hippo aliyefariki mwaka 430, alipoifafanua hotuba ya mlimani alitoa kipimo kizuri mno. Kabla hujamkemea mtu, jiulize: kosa hili sijawahi kuwa nalo? Nilikuwa nalo nikaliacha? Au ninalo hadi leo? Kama hujawahi kuwa nalo, kumbuka wewe ni mwanadamu na lingeweza kukupata. Kama uliliacha, udhaifu wako wa jana ukuguse, ili onyo litoke kwenye huruma wala si kwenye chuki. Kama ungali nalo, usikemee. Ugua pamoja naye, umwalike mjaribu pamoja kulishinda. Hata hapo hajakuambia unyamaze. Amekushusha tu kutoka kwenye kiti cha mkemeaji, ukae benchi moja na mwenzako.

Sasa mwenyekiti. Kosa lake ni ulimi, na la mama, kama lipo, ni ulegevu wa hesabu. Si kosa la aina moja, kwa hiyo kwa upande wa fedha hana boriti inayomziba. Lakini hasira yake ni hatari kwa njia nyingine: ndiyo sauti atakayoonyea. Akienda nayo kama ilivyo, mama atasikia hasira, hatasikia hesabu. Kwa hiyo aanze huko. Awataje kwa majina, kwenye karatasi yake, watu aliowafokea. Amwendee kila mmoja na kusema jambo lenyewe: "Siku ile ya matanga nilikufokea mbele ya wageni. Nilikosea. Nisamehe." Asiongeze "lakini na wewe". Kama alifokea mbele ya jumuiya yote, aombe msamaha mbele ya jumuiya hiyo hiyo, kwa sentensi mbili, akae. Mathayo 5:23-24 inataka mtu aiache hata sadaka madhabahuni akapatane kwanza. Kisha kitubio, kwa sisi Wakatoliki.

Hiyo ndiyo boriti kutoka: toba iliyoanza kutembea kwa miguu. Haina maana kwamba hasira imekwisha. Angengoja iishe, angezikwa bado anangoja. Walawi 19:17 inaweka katika mstari mmoja kumchukia ndugu moyoni na kuacha kumkemea, kana kwamba la pili huzaliwa na la kwanza. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Anayesema "mimi ni nani" mbele ya mhusika ndiye anayeeleza yote kwa kirefu akifika nyumbani.

Thomas wa Akwino, aliyefariki 1274, aliliuliza swali lenu karibu neno kwa neno: je, mwenye dhambi ana ruhusa ya kumrekebisha mwenzake? Jibu lake ni kwamba dhambi haimwondolei mtu akili wala haki ya kusema, ila inaweza kuliharibu onyo kwa njia tatu. Humfanya asistahili, hasa dhambi yake ikiwa kubwa kuliko ya anayeonywa. Huwakwaza watu ikiwa dhambi yake inajulikana. Na huleta kiburi, pale anapotumia kosa la mwenzake kujipandisha. Akikemea kwa unyenyekevu, anasema Thomas, hajiongezei hukumu. Tena alitahadharisha tusiende kutafuta watu wa kuwarekebisha, tusije tukawa wapelelezi wa maisha ya watu. Mwenyekiti asipite nyumba kwa nyumba kuuliza "mmesikia nini kuhusu mama?" Akiuliza hivyo, ameshaharibu.

Mzee_wa_Sesheni

Asante katekista. Mimi nitaingia kwenye utaratibu, maana huko ndiko mambo mengi yanakofia.

Watu hukimbilia Mathayo 18:15-17 (mwonye mkiwa peke yenu, kisha mbele ya mmoja au wawili, kisha uliambie kanisa) bila kwanza kujua wameshika nini mkononi. Kuna dhambi. Kuna utaratibu mbovu. Na kuna mambo ya dhamiri, yale ya Warumi 14: chakula, siku, na kwa Nairobi ya leo ongeza nywele, suruali na muziki. Hayo ya mwisho hayana kesi, isipokuwa kanisa lenu lina kanuni iliyo wazi na mhusika aliikubali. Zaidi ya nusu ya "maonyo" yanayoleta mifarakano ni ya ladha tu, yamevalishwa kanzu.

Hili la mweka hazina, kwa jinsi lilivyoelezwa, kwanza ni utaratibu mbovu, na kosa la utaratibu ni la jumuiya nzima. Pesa za nyumba yake na pesa za matanga zinapita kwenye M-Pesa moja. Hata akiwa mwaminifu kama malaika hawezi kuthibitisha, kwa sababu taarifa ya simu itaonyesha mia tano ya sukari katikati ya elfu mbili za mgonjwa. Mmemnyima kinga yake. Paulo alipopeleka mchango wa Yerusalemu alituma na ndugu wengine waandamane nao, akasema waziwazi katika 2 Wakorintho 8:20-21 kwamba hataki mtu awalaumu, na kwamba wanatunza yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kama Paulo alihitaji mashahidi wa fedha, mama wa Umoja anawahitaji pia.

Kwa hiyo tengenezeni: namba ya malipo au akaunti ya benki iliyo kwa jina la kikundi, sahihi tatu na mbili zitoshe kutoa pesa, daftari lenye tarehe, jina, kiasi, kazi ya pesa na salio, linasomwa kila mkutano kabla ya sala ya kufunga, na anayelisoma asiwe anayelitunza. Mpangilio huu ni muhimu: zungumzeni na mama faraghani kwanza, ndipo mtangaze. Mkitangaza kanuni mpya kabla hajaambiwa, atakuwa ameshtakiwa mbele ya watu ishirini bila jina lake kutajwa, na kila mtu atageuka kumtazama.

Mazungumzo yenyewe. Ana kwa ana. Ujumbe wa simu hauna sura wala sauti. Mtu huusoma kwa sauti ya woga wake mwenyewe, kisha anaufowadi. Ujumbe wa sauti ni mbaya zaidi, kwa kuwa hasira inasikika na unabaki. Usimdake getini baada ya ibada, watu wote wanawaona. Usimpigie usiku. Mpe taarifa siku moja au mbili kabla na umwambie ni kuhusu nini, kwa neno moja: "Mama, naomba tuzungumze juu ya hesabu za jumuiya." Ukisema "kuna jambo nzito nataka kukuambia" halafu ukanyamaza siku mbili, umemtesa bure.

Umri unabadilisha namna, haubadilishi jambo. 1 Timotheo 5:1-2 inataka mzee asikemewe bali aonywe kama baba, na wanawake wazee kama mama. Basi mwenyekiti amwendee, asimwite ofisini kama karani. Afike kwake mchana, watu wa nyumbani wakiwepo. Wakae barazani au mahali wanapoonekana lakini hawasikiki, kwa kuwa ni mwanamume na mwanamke. Amsalimu inavyopasa. Akikaribishwa chai, anywe. Anayekataa chai ameshaonyesha amekuja kwa vita. Asitume kijana, wala asimtume binti wa mama mwenyewe.

Maneno yawe ya mambo yaliyoonekana. Tarehe, kiasi, kilichotokea. "Mama, kwa miezi mitatu hesabu haijasomwa, na ile michango ya mgonjwa wa mwezi uliopita sijui ilifika shilingi ngapi. Nisaidie kuelewa." Kisha anyamaze kweli, ahesabu moyoni hadi kumi akilazimika. Huenda mama hajui kutoa taarifa kwenye simu na anaona aibu kusema. Huenda kuna aliyekopa kwenye hizo pesa na mama anamsitiri. Mengi huonekana hapo ambayo mnong'ono haukuyajua. Asiseme "watu wanasema", kwa sababu mama atauliza ni nani, na hapo mazungumzo yatahama kutoka kwenye hesabu kwenda kwenye kuwatafuta wasemaji. Asiseme "wewe huwa". Asiunganishe na jambo la kwaya la mwaka juzi. Jambo moja, robo saa ya kuliweka mezani, halafu waulizane: tufanye nini, na ifikapo lini? Watoke na tarehe.

Akikataa na jambo ni la kweli, ndipo hatua ya pili, mmoja au wawili zaidi. Hapa watu hukosea sana: huchukua marafiki zao. Shahidi wa Mathayo 18 anasikiliza pande zote mbili, na huenda akasema mwonyaji ndiye mwenye kosa. Mchague mtu ambaye mama mwenyewe anamheshimu, ikiwezekana mama wa rika lake. Baada ya hapo ndipo jambo lifike kwa kanisa, yaani baraza halali kwa kanuni zenu. Kwetu Wapresbiteri ni sesheni, yaani baraza la wazee wa kanisa, kwenu ataanza padre na halmashauri ya parokia. Kundi la WhatsApp la jumuiya si kanisa kwa maana hiyo.

Dada_wa_Kwaya_ya_Pili

Yote mazuri, lakini mnaongea kana kwamba jambo hufika kwa mhusika. Nairobi halifiki. Linapita kwenye maombi: "Wapendwa, tumwombee ndugu fulani, Bwana amsaidie na ile shida ya pombe." Watu thelathini wamejua, yeye bado. Au linawekwa kwenye status bila jina, mistari ya Mithali na emoji ya kobe. Au mhubiri analipigia mafumbo mimbarini, mhusika hawezi kujibu, na akikasirika anaambiwa Roho amemgusa. Wanaofanya hivi hujiona wapole, kwa sababu hawakumkabili mtu. Mimi naona ni kiburi kilichokosa ujasiri.

La pili, linaniudhi zaidi. "Nyenyekea, tazama boriti yako" huambiwa nani? Kijana akiuliza pesa za ujenzi zimefika wapi, anaambiwa ajichunguze. Mfanyakazi wa ndani akisema mwajiri wake mcha Mungu hajamlipa miezi miwili, anaambiwa asihukumu. Sijaona mchungaji anayeambiwa hivyo anapomkemea kijana.

Katekista_Eastlands

Dada, la maombi umesema kweli tupu. Kutangaza kosa la kweli la mtu bila sababu ya haki ni dhambi inayotajwa katika Katekisimu, namba 2477, kando ya kusingizia uongo. Ukweli wa jambo haukupi leseni ya kulisambaza. Mtu akitaka maombi kwa ajili ya mwingine, aseme "mwombeeni ndugu mmoja" na aishie hapo, bila mtaa, bila kazi, bila aina ya tatizo. Na kama yeye mwenyewe hajamwendea huyo ndugu, kiongozi wa maombi amwulize palepale: umeshasema naye?

Mwanajumuiya_Umoja

Nashukuru sana. Nina nyongeza mbili. Mwenyekiti akishafika barazani na mama akamjibu, "Na wewe hasira zako?" afanye nini? Na kuhusu alichosema dada: mkosaji akiwa ni padre au mchungaji mwenyewe, utaratibu ni ule ule?

Katekista_Eastlands

La kwanza lina jibu fupi. Aseme, "Ni kweli, mama. Nimeshawaomba msamaha niliowafokea, na kama nawe ni mmoja wao, naomba unisamehe." Asijitetee, asieleze jinsi alivyolelewa. Anyamaze kidogo, kisha arudi: "Naomba tumalize na hili la hesabu." Mama akiendelea kumpiga kwa hasira zake, amsikilize hadi mwisho. Kama ana mengi ya haki, wapange siku nyingine kwa ajili hiyo, na mwenyekiti aende kweli siku hiyo. Kosa la mwonyaji halifuti swali la hesabu, na swali la hesabu halifuti kosa lake. Wengi hushindwa hapa kwa sababu walikwenda wakitegemea kuonekana wema. Aliyekwisha kulikiri la kwake kabla hajafika, shtaka hilo halimwangushi, analijua tayari.

Kuna mtego upande wa pili pia. Mwonyaji anaanza na ushuhuda wa dhambi zake wa dakika ishirini, mama anageuka kuwa mfariji, na hesabu haitajwi. Sentensi moja inatosha.

Ndugu_wa_Uamsho_Kabete

Bwana asifiwe, niseme kidogo juu ya kukiri, kwa sababu uamsho wa Afrika Mashariki uliojulikana sana tangu Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika kwetu Kabete mwaka 1937, ulilijenga jambo hili hasa: kutembea nuruni kwa 1 Yohana 1:7, kukiri mbele ya ndugu, na ndugu kuwa na ruhusa ya kukuuliza. Nguvu yake ilikuwa kwamba anayeuliza alikuwa amekiri ya kwake kwanza, kikao kile kile au kilichotangulia. Askofu na mpishi walikaa benchi moja.

Lakini kuna mipaka ambayo wazee hufundisha, na vikundi vipya vya mitaani havijui. Unakiri dhambi yako, hukiri ya mwenzako. Ukisema "nilizini na fulani", umekiri ya watu wawili. Dhambi ya siri humalizwa mbele ya Mungu na aliyekosewa. Iliyotendwa hadharani hukiriwa hadharani. Augustino aliyetajwa hapo juu alisema vivyo kuhusu kukemea: yaliyofanywa mbele ya wote yakemewe mbele ya wote, ya siri kwa siri. Na msimwendee mtu kumwambia, "Nimekuchukia miaka mitano, nisamehe," wakati yeye hakujua lolote. Hiyo ni toba iliyogeuka shtaka. Umejitua mzigo ukamtwika yeye. Chuki ya namna hiyo malizana nayo na Mungu, au na kiongozi wako wa kiroho, kisha anza kumtendea mtu huyo vizuri.

Mlinzi_wa_Watoto

Nawakatiza, kwa sababu uzi huu utasomwa na watu wenye jambo jingine kabisa.

Hatua za Mathayo 18 hazitumiki kumpeleka mtoto au mwanamke akakae "peke yenu" na aliyemdhuru. Mtoto akisema ameguswa vibaya, hakuna kikao cha faragha, hakuna wazee wawili, hakuna kupatanisha familia kwa mbuzi. Msikilize, usimhoji maswali mengi, andika maneno yake kama alivyosema, mwondoe karibu na mhusika, mpeleke hospitali haraka kabla ya kuoga au kufuliwa nguo. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Ripoti polisi, namba 116 ya kusaidia watoto ni bure, na 1195 ni ya ukatili wa kijinsia. Ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na baraza la kanisa halina mamlaka ya kuisamehe. Vivyo hivyo kwa kipigo cha ndani ya nyumba. Anayemwambia mwanamke mwenye jicho lililovimba atazame boriti yake amejiunga na mpigaji.

Msamaha na toba vina nafasi yake hata kwa mtu aliye gerezani. Havichukui nafasi ya ripoti. Warumi 13:4 inamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa kazi hiyo.

Mzee_wa_Sesheni

Mlinzi yuko sawa, na wanaosimamia vikundi walibandike hilo ukutani.

Kuhusu viongozi: 1 Timotheo 5:19-20 ina pande mbili, na kila kambi husoma upande mmoja. Usipokee mashtaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu. Hiyo humlinda dhidi ya mnong'ono. Wadumuo kutenda dhambi uwakemee mbele ya wote. Hiyo huwalinda washirika dhidi yake. Paulo mwenyewe alimpinga Kefa, yaani Petro, uso kwa uso Antiokia, mbele ya watu, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya watu na lilikuwa likiwavuta wengine, hata Barnaba (Wagalatia 2:11-14). Kwa vitendo: jambo dogo la kiongozi, mwendee faraghani kama baba. Jambo la fedha au mwenendo, nendeni wawili wenye maandishi, na nakala ifike kwa anayemsimamia: dekano au askofu kwa Wakatoliki, presbiteri, baraza lililo juu ya sesheni, kwetu. Kanisa ambalo mchungaji ndiye mwanzilishi, mweka sahihi na mwenyekiti wa baraza halina mahali pa kupeleka hatua ya tatu. Hapo hata upole wote wa ulimwengu hautoshi. Hakuna mlango wa kubisha.

Kuhani Eli ni fundisho kwa wenye madaraka. Aliwaonya wanawe, tena kwa maneno mazuri, 1 Samweli 2:23-25. Hukumu ya sura ya 3 inamlaumu kwamba hakuwazuia. Aliongea, akawaacha kwenye nafasi zao na nyama za sadaka walizojitwalia. Mwenye kazi ya kusimamia akiishia kuongea, bado hajaonya.

Na nimalizie la mama, kwa sababu hata akikutwa na kosa kuna baada yake, na huko ndiko makanisa mengi hulala. Wakorintho waliambiwa wamwondoe mkosaji (1 Wakorintho 5). Kuhusu mtu aliyeadhibiwa anayetajwa katika 2 Wakorintho 2:6-8, Paulo alisema adhabu imetosha, wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni. Kanuni ya Benedikto ya karne ya 6, iliyoandikwa kwa watawa, ina jambo la busara: aliyetengwa, abati, yaani mkuu wa monasteri, amtumie kimyakimya ndugu wazee wenye hekima wamfariji. Fanyeni hivyo. Kama mama atakuwa amekula pesa, akakiri na akaanza kulipa kwa awamu zilizoandikwa, wawili wa rika lake wamtembelee wiki ile ile, wala wasizungumzie pesa. Kusamehewa ni leo. Kushika tena hazina ni jambo jingine, huenda isiwe kamwe, na aelezwe hivyo waziwazi asidhani amesamehewa nusu. Mpeni kazi nyingine, kutembelea wagonjwa kwa mfano. Na katibu afute kwenye kundi kila ujumbe wa fumbo juu yake, mwenyekiti awaambie wanajumuiya jambo limekwisha, na atakayelirudisha aitwe faraghani, kwa utaratibu ule ule.

Kama hana kosa, mwenyekiti asome hesabu kamili mkutanoni na aseme kwa sauti kwamba fedha zote zimeonekana. Mnong'ono ulitembea kwenye nyumba ishirini, na jibu lifike kwenye nyumba hizo zote.

Mwanajumuiya_Umoja

Nimeyachapisha majibu haya. Mwenyekiti atapewa sehemu ya katekista kwanza. Ya mzee atapewa akisharudi kwa wale aliowafokea.